Idi Amin na nishani ambazo hakuwahi kuzishinda vitani

Kabla ya mwaka 1925, Kismayo na nchi yote ya Juba ilipokuwa bado sehemu ya koloni la Kenya, askari wa Keya, yaani King's African Rifles, walikuwa na kambi mjini Kismayo, na nyingine kandokando ya mto, Gobwen na Yonte. Waingereza waliikabidhi nchi hiyo kwa Italia, wakaondoka. Tarehe 14 Februari 1941 walirejea, safari hii kwa vita, majeshi yao yakaingia Kismayo baada ya Waitalia kuuhama mji. Miongoni mwa waliouvuka mto Juba siku zile walikuwamo askari wa Keya, bega kwa bega na vijana wa Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana. Kwa watu wa mwambao huu, tangu mjini hadi Koyama, Chovai na Chula, Keya ni jeshi lililopita mlangoni mwao mara mbili.

Miaka minane baada ya vita hivyo, Waingereza walipokuwa bado wanaitawala kijeshi iliyokuwa Somalia ya Waitalia, kikosi kimoja cha Keya kilitumwa kaskazini mwa Kenya, upande wa pili wa mpaka, kupambana na mashifta wa Kisomali. Ndani ya kikosi hicho alikuwamo askari mmoja wa Uganda, kijana wa miraba minne, mwenye kimo cha zaidi ya futi sita, asiyekuwa na elimu ya kutajika, hodari wa mbio, ndondi na raga. Jina lake lilikuwa Idi Amin. Hiyo 1949 ndiyo vita yake ya kwanza ambayo kumbukumbu za jeshi zinaijua.

Mwaka huo ushikwe vyema, msikilizaji, kwa kuwa mwenyewe aliposhika madaraka alipenda kuisimulia hadithi nyingine.

Amin alizaliwa karibu na mwaka 1925. Baba yake alikuwa Mkakwa, watu wa Koboko, katika pembe ya Uganda inayopakana na Sudan Kusini na Kongo, na mama yake Mlugbara. Aliingia Keya mwaka 1946 akiwa msaidizi wa mpishi. Hakuna aibu katika hilo. Jeshi lisilokula halipigani. Lakini 1946 ni mwaka mmoja baada ya Vita Kuu ya Pili kwisha. Japani ilikwisha kusalimu amri, na wale askari wa Afrika Mashariki waliopigana Burma walikuwa wanarudishwa makwao.

Kwao hao, Burma haikuwa hadithi ya barazani. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua za masika, kwenye matope, malaria na kuhara, ikawasukuma Wajapani hadi mto Chindwin na kuuvuka mwezi Desemba. Waliobaki hai walipewa nyota ya shaba yenye utepe wa rangi tatu. Walirejea kwenye mashamba yao wakiwa na kiinua mgongo kilichopimwa kwa cheo na pia kwa rangi ya ngozi, kwani askari mweusi alilipwa sehemu ndogo ya alichopata mwenzake mweupe waliyelala naye handaki moja. Kwa wengi wao, ile nyota ndiyo mali pekee ambayo hawakupunjwa.

Amin alipokuwa rais alidai kwamba naye alipigana Burma. Kumbukumbu za kuandikishwa kwake zinamkana. Hakuwa Kabaw, wala hakuuona Chindwin.

Ngazi aliyoipanda kweli

Jambo la kushangaza ni kwamba mtu huyu hakuhitaji kusema uongo ili aonekane askari. Mwaka 1947 alihamishiwa Kenya akawa askari wa miguu, akakaa Gilgil. Vita vya Mau Mau vilipoanza 1952 alikuwa huko, na mwaka huo huo akapandishwa kuwa koplo. Uliofuata akawa sajenti. Tangu 1951 hadi 1960 alikuwa bingwa wa ndondi wa Uganda wa uzito wa juu mwepesi. Mwaka 1959 alipewa cheo cha effendi, kikomo ambacho Mwafrika angeweza kukifikia katika Keya wakati ule. Ndipo uhuru ulipokaribia, na Waingereza wakagundua kwamba jeshi watakaloliacha Uganda halina maofisa wazalendo. Mwaka 1961 Waganda wawili walivikwa nyota za luteni, wa kwanza katika historia ya nchi yao. Mmoja alikuwa Shaban Opolot, wa pili Idi Amin.

Kutoka jikoni hadi uluteni kwa miaka 15 ni safari ya kweli, tena ya kuheshimika kama ingeishia hapo. Haikuishia. Mwaka 1962 kikosi alichokiongoza kilitumwa kuzuia wizi wa mifugo kati ya Waturkana na jirani zao, na raia wa Kiturkana wakateswa na kuuawa. Uhuru ulikuwa umebaki miezi michache tu. Gavana Sir Walter Coutts alimwachia uamuzi Milton Obote, aliyekuwa karibu kuiongoza nchi, na Obote akaona kumshitaki mmoja wa maofisa wawili weusi katika wakati kama ule kungeleta taabu. Amin alikaripiwa, akaachwa. Mwaka uliofuata alikuwa meja, na 1964 naibu wa mkuu wa jeshi. Mei 1966 aliongoza mashambulizi dhidi ya kasri la Kabaka, Mengo, kwa amri ya Obote huyo huyo. Tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, Amin alimpindua.

Herufi mbili

Baada ya kuwa rais alijipandisha kuwa jenerali kamili. Julai 1975, Kampala ilipokuwa inajiandaa kuwapokea viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, akajifanya fildi masho, cheo ambacho katika jeshi la Uingereza, mama wa Keya, hutolewa kwa wachache mno. Mwaka 1976 akawa rais wa maisha. Chuo Kikuu cha Makerere, ambacho yeye ndiye alikuwa mkuu wake, kikamfanya daktari wa sheria. Mbele ya jina lake zikapangwa sifa zote hizo, na nyuma yake zikafuata herufi za nishani: VC, DSO, MC.

Hapo kwenye VC panahitaji kutuliwa kidogo. Victoria Cross ni msalaba wa shaba wenye utepe mwekundu uliokoza, ulioanzishwa na Malkia Victoria mwaka 1856, na hakuna nishani ya vita ya Uingereza iliyo juu yake. Pembe ya Afrika inaufahamu. Katika vita dhidi ya Sayyid Mohammed Abdulle Hassan, kati ya 1902 na 1904, maofisa kadhaa wa Kiingereza waliupata kwenye ardhi ya Wasomali. Mwaka 1940 ulitolewa kwa Eric Wilson, ofisa wa Kikosi cha Ngamia, kwa ushujaa wake Tug Argan dhidi ya Waitalia. Alidhaniwa amekufa, kumbe ni mateka. Mei 1941, Sajenti Nigel Leakey wa Keya, Mzungu wa Kenya, alipanda juu ya vifaru vya Waitalia huko Colito, Ethiopia, akavishambulia kwa bastola hadi akauawa, na akapewa baada ya kifo chake. Katika miaka yote ya Keya, hakuna askari mweusi wa jeshi hilo aliyevikwa msalaba huo. Walikuwa na nishani zao: medali ya ushujaa iliyochongwa mahususi kwa ajili ya Keya na ikatolewa hadi 1942, na baadaye Medali ya Kijeshi. Walizipata kwa damu.

Amin hakudai waziwazi kwamba Malkia amemvika msalaba ule. Alitengeneza wake. Ukaitwa kwa Kiingereza Victorious Cross, Msalaba wa Ushindi, na ukafananishwa na ule wa kweli, hivyo herufi zake za mwanzo zikawa zile zile mbili. Hila ya kitoto, lakini si ya mjinga. Aliyeuliza angejibiwa kwamba Uganda ni nchi huru na ina haki ya kuwa na nishani zake. Asiyeuliza, naye ndiye mwingi, angeziona herufi na kuamini. DSO na MC nazo ni nishani za Uingereza za maofisa waliotukuka vitani, na hakuna orodha ya Waingereza yenye jina lake. Baada ya Uingereza kuvunja uhusiano wa kibalozi na Uganda Julai 1976, alijiongezea nyingine, CBE, iliyo nishani halisi ya Dola ya Uingereza, ila yeye akaipa maana mpya: mshindi wa Dola hiyo.

Wengi duniani walicheka, na magazeti ya Ulaya yaliuza sana kwa kifua kile kilichojaa medali. Mwandishi wa makala haya anaona kicheko kile kilikuwa na sehemu yake ya lawama. Mtu anayechekwa huonekana hana madhara, na waliokuwa ndani ya Makindye na Nakasero hawakuwa na nafasi ya kucheka. Makadirio ya waliouawa katika utawala wake yanaanzia 80,000, mengine yakifika 300,000 na kuzidi.

Sheria ilisema nini

Kwa mtu wa kawaida, alichofanya Amin kilikuwa kosa la jinai karibu kila upande aliotazama. Nchini Uingereza, Sheria ya Jeshi ya mwaka 1955 ilimtishia kwa faini au kifungo cha miezi isiyozidi mitatu mtu yeyote aliyevaa nishani ya kijeshi asiyoistahili, au aliyejitangaza kuwa anayo. Waandishi wa sheria hiyo walikwisha kufikiri juu ya ujanja wa herufi mbili: walitaja pia kitu kinachofanana na nishani kiasi cha kuweza kudanganya watu. Mstari huo ungemkaa fildi masho wa Kampala kama vazi la kushonewa.

Waitalia nao walikuwa na lao. Kanuni yao ya adhabu ya mwaka 1930, katika kifungu cha 498, iliadhibu kwa faini aliyejitwalia vyeo, nishani na alama za heshima bila haki. Kanuni ya adhabu ya Somalia ya mwaka 1962, iliyoanza kutumika 1964, ilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya ile ya Italia. Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa upande wao, zilirithi kutoka kwa Waingereza sheria zinazomkataza raia kuvaa sare za jeshi pasipo ruhusa, na kosa hilo lingali likiwapeleka watu mahakamani.

Si mataifa yote yanayokubaliana kwamba uongo wa namna hii wenyewe uwe jinai. Marekani ilipitisha sheria iliyotiwa saini Desemba 2006, yenye kifungo cha hadi mwaka mmoja kwa aliyejisingizia nishani kuu ya nchi. Mjumbe mmoja wa bodi ya maji huko California akashitakiwa kwa kujigamba mkutanoni kuwa anayo. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaifuta sheria, majaji sita kwa watatu, kwa sababu kwamba katiba inalinda hata maneno ya mwongo. Mwaka uliofuata Bunge lilitunga nyingine, inayomgusa tu yule anayedanganya ili apate fedha, mali au faida nyingine ya kushikika. Uingereza yenyewe iliacha kifungu chake cha 1955 kipotee katika sheria mpya ya jeshi ya 2006, na mswada wa kukirudisha ulikufa Bunge lilipovunjwa kwa uchaguzi wa 2017. Ukipima kwa mizani ya Marekani, swali la kumuuliza Amin lingekuwa hili: alipata faida gani? Alipata jeshi la kumtii.

Lakini nani angemuuliza? Katika Uganda ya 1975 rais ndiye aliyetunga sheria kwa amri, ndiye aliyetoa nishani, na ndiye aliyezivaa. Bunge lilikwisha kuvunjwa tangu 1971. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, mtu aliyethubutu kuamuru mfungwa mmoja aachiliwe kwa kuwa alizuiliwa kinyume cha sheria, alikamatwa ndani ya jengo la Mahakama Kuu tarehe 21 Septemba 1972, akaburutwa nje mchana kweupe, na hakurudi tena. Baada ya siku hiyo, jaji wa Uganda aliyejua kifungu chochote juu ya nishani bandia alijua pia thamani ya kukaa kimya.

Hapa msikilizaji wa mwambao atajikumbuka mwenyewe. Wako Wabajuni wengi waliokimbia vita vya 1991, wakafika Ulaya, wakaketi mbele ya maofisa wa uhamiaji wakiulizwa kimoja baada ya kingine: visiwa ni vingapi, samaki yule anaitwaje, Kibajuni chako ni cha wapi. Neno moja lisilowiana lilitosha mtu kuitwa mwongo na kufungiwa mlango. Mnyonge hudaiwa ushahidi wa jina la babake, ilhali mwenye bunduki hupokelewa viwanjani kwa zulia jekundu na nishani alizojichongea.

Vita vya kweli

Mwezi Septemba 1972, wafuasi wa Obote walipoivamia Uganda wakitokea Tanzania na kushindwa, ilikuwa Mogadishu iliyosuluhisha. Chini ya usimamizi wa Siad Barre, naye jenerali aliyetwaa nchi kwa mapinduzi, Uganda na Tanzania zilitia saini makubaliano mwezi Oktoba ya kurudisha majeshi nyuma ya mpaka. Yalidumu miaka sita.

Katika miaka hiyo Amin alipigana hasa mbele ya kamera. Katika filamu ya mwaka 1974 iliyotengenezwa na Barbet Schroeder anaonekana akiongoza mazoezi ya kuiteka milima ya Golan, na kilima kimoja cha Uganda kikisimama badala ya Syria na Israel. Oktoba 1978 majeshi yake yalivuka mpaka halisi na kuiteka Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Redio ya Uganda ikatangaza kwamba maili za mraba 710 zimetwaliwa kwa dakika 25. Watu wa Kagera waliuawa, ng'ombe wao wakaswagwa kwa maelfu, kiwanda cha sukari kikaporwa. Mwalimu Nyerere alipotangaza vita, Amin alipendekeza wamalize ugomvi kwa ndondi, na Muhammad Ali awe mwamuzi.

Tanzania ilijibu kwa jeshi. Divisheni yake ya 20 iliyoingia Uganda iliongozwa na David Msuguri, aliyejiunga na Keya mwaka 1942 na kupelekwa Madagascar katika Vita Kuu ya Pili. Pamoja na Watanzania walikuja wapiganaji wa Kiganda waliokuwa uhamishoni, na miongoni mwa wakuu wao alikuwa Tito Okello, aliyeingia Keya mwaka 1940 na kupigana katika kampeni ya Afrika Mashariki, ile iliyofungua njia kutoka Kismayo hadi Addis Ababa. Hivyo waliomfukuza Mshindi wa Dola ya Uingereza walikuwa wazee wa Keya walioiona kweli ile vita aliyodai kuipigana, na hakuna kati yao aliyejitengenezea msalaba. Machi 1979 jeshi la Amin, pamoja na askari aliotumiwa na Libya, lilivunjwa Lukaya. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili. Fildi masho alikwisha kuondoka.

Alikimbilia Libya, kisha akaishia Saudi Arabia, Jeddah, alikopewa hifadhi kwa sharti la kutojiingiza katika siasa. Aliishi huko zaidi ya miaka 20. Hakuna mahakama iliyomwita, si kwa mauaji, seuze kwa nishani. Alifariki tarehe 16 Agosti 2003, akazikwa siku hiyo hiyo katika makaburi ya Ruwais mjini Jeddah, kwa mazishi ya kawaida, bila gwaride wala mizinga.